UZI: Road Runner, GTX, Super Bee, Charger – usinunue nembo, soma chesisi

#1 KarakanaOhio

Wakuu, salaam. Kila mara humu mtu anatupia picha ya gari la Kimarekani la miaka ya sitini, anaandika "Charger hiyo, mashine!" na watu wanapiga makofi. Nusu ya hizo picha si Charger. Nipo kwenye karakana ya kufufua magari ya zamani hapa Ohio, upande wa bodi na rangi, kwa hiyo haya magari nayaona yakiwa uchi: hayana bampa, nembo wala milango. Yakiwa hivyo, Road Runner na GTX za mwaka mmoja hata mimi sizitofautishi kwa macho. Ndiyo maana matapeli wanazipenda.

Naanza na Chrysler, kampuni mama ya Plymouth na Dodge, maana ndio waliozidi kuzaa mapacha. Walikuwa na bodi moja ya ukubwa wa kati waliyoiita B. Juu yake Plymouth walijenga Belvedere, Satellite, GTX na Road Runner, na Dodge wakajenga Coronet, Super Bee na Charger. Injini, giaboksi, difu na breki vyote vilitoka stoo moja.

GTX iliitangulia Road Runner, mwaka 1967. Hilo lilikuwa gari la mtu mwenye kazi nzuri. Unapewa injini ya 440 (hizo ni inchi za ujazo, kwa hesabu zetu cc 7,200) ya farasi 375, siti za maana na urembo wa kutosha. Ukiwa na hela zaidi unachukua Hemi ya 426, farasi 425. Basi, mwaka huo hakuna injini ya tatu.

Sasa kijana wa miaka 20 anayelipwa kwa saa kiwandani hiyo GTX anaitazama kwenye kioo cha duka tu. Plymouth wakamtengenezea yake mwaka 1968. Wakachukua Belvedere ya chini kabisa, ile ya kununuliwa na polisi na wenye teksi. Sakafuni hakuna zulia, ni mpira. Siti ya mbele ni benchi moja ndefu. Vioo vya nyuma havishuki, unavisukuma tu vinafunguka kidogo upande mmoja. Halafu ndani ya hilo gari la kimaskini wakaweka injini ya 383 iliyovikwa silinda hedi, kamshafti na manifoldi za ekzosi za 440. Farasi 335, gia nne za mkono, dola 2,896. GTX mwaka huohuo ilikuwa zaidi ya dola 3,300. Plymouth waliuza kama 45,000 msimu wa kwanza, na msimu wa 1969 zikapita 80,000.

Kitu kinachonichekesha: gari lilibaniwa hadi zulia, lakini Warner Bros. walilipwa dola 50,000 kwa ajili ya jina na picha ya Road Runner, yule ndege wa katuni, na dola nyingine 10,000 zikaenda kwenye honi ili ilie "bip bip" kama yeye. Za 1969 honi yenyewe ilipakwa rangi ya zambarau. Ukifungua boneti unaiona pale imekaa kama tunda.

Dodge kuona jirani anauza, nao wakakimbilia Super Bee katikati ya msimu huohuo wa 1968, kwa dola 3,027. Ni Coronet ya bei nafuu yenye 383 ileile. Utaitambuaje? Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma Coronet ina inchi 117, Plymouth ina 116. Ndani Super Bee ilipewa dashibodi ya Charger yenye saa za duara, ndiyo maana mimi binafsi nikikaa kwenye usukani naipenda kuliko Road Runner. Nyuma ina mstari mpana unaozunguka mkia. Ndugu yake tajiri, mwenzake GTX kwa upande wa Dodge, ni Coronet R/T.

Charger ni sakafu ileile yenye nguo nyingine kabisa. Paa linashuka kwa nguzo mbili ndefu na kioo cha nyuma kimezama katikati yake, na taa za mbele zimefichwa nyuma ya shoo. Ya 1968 ina taa za nyuma za duara, mbili kila upande. Ya 1969 shoo imegawanywa katikati na taa za nyuma ni ndefu za mlalo. Ya 1970 bampa la mbele la kromu linazunguka shoo nzima kama fremu. Hizo tatu tu mkizishika, hamtasumbuliwa tena na picha za mitandaoni.

Karibuni kwa maswali, nikitoka kazini nitajibu.

#2 Gerezani_Spea

Naunga tela mapema kabla uzi haujafika ukurasa wa kumi. Shusha nondo mkuu.

#3 Mlalahoi_Tz

Mkuu, kwa maelezo yako mimi nikinunua Satellite ya kawaida, nikabandika nembo za GTX na kuchomeka 440, nimepata GTX kwa nusu bei. Tofauti iko wapi?

#4 KarakanaOhio

Barabarani haipo. Sokoni ipo, tena kubwa, na ndiyo kisa cha uzi huu.

Namba ya chesisi ya Chrysler ya miaka hiyo inasomeka kama barua. Kuanzia 1968 ipo kwenye kibati kidogo juu ya dashibodi, upande wa dereva, unakisoma ukiwa nje kupitia kioo cha mbele. Tuseme kimeandikwa RM23H9A na tarakimu nyingine zinafuata.

R ni familia ya Belvedere na Satellite za Plymouth. M ni daraja la bei, na kwa familia hiyo M ndiyo Road Runner. 23 ni milango miwili isiyo na nguzo katikati ya vioo. Ingekuwa 21 ingekuwa na nguzo, na 27 ni ya paa la kukunja. H ni injini, 383 yenye nguvu. 9 ni mwaka 1969. A ni kiwanda cha Lynch Road, Detroit. Zinazofuata ni namba ya gari lenyewe kwenye foleni ya kiwanda.

GTX inaanza na RS. Super Bee ni WM. Coronet R/T ni WS. Charger ya kawaida ni XP, Charger R/T ni XS. Kwa hiyo mtu akikuletea "GTX" inayoanza na RM, hiyo ni Road Runner. Ikianza na RH au RP ni Satellite, ndugu yao mpole.

Angalizo kwenye herufi ya injini: zilibadilika. Mwaka 1969 440 ni L, Hemi ni J. Mwaka 1970 440 ni U, yenye kabureta tatu ni V, Hemi ni R. Usisome gari la 1970 kwa herufi za 1969, utajikuta unalia bure au unashangilia bure.

Na ile ya 1969 yenye herufi M mahali pa injini ukiiona usilale: ni 440 yenye kabureta tatu, farasi 390. Boneti yake haina bawaba, ni ya faiba, inafungwa kwa pini nne na watu wawili wanaibeba na kuiweka pembeni. Rimu nyeusi za chuma, hazina hata vifuniko. Kwa macho ya mtu asiyejua ni gari lililoachwa kabla fundi hajamaliza, kumbe ndilo lilitoka kiwandani hivyo.

#5 BintiMkunazini

Asalaam alaykum kaka. Mie nipo Muscat, mume wangu ameshikwa na homa ya magari haya hasikii wala haambiliki. Kuna mtu anamuuzia Plymouth GTX ya 1970, nyekundu, nembo zote zipo, anasema injini 440 ya asili. Bei anayoitaja imenifanya nikae chini. Nitazame nini kabla hatujatoa hata riali?

#6 KarakanaOhio

Waalaykum salaam dada. Naomba herufi sita za mwanzo za chesisi. Sita tu, usiweke namba nzima humu. GTX ya 1970 yenye 440 ya kawaida lazima ianze RS23U0.

#7 Mekanika_Kongowea

Ndugu yangu, mimi ni fundi Mombasa. Huku Kenya gari lisizidi miaka minane na usukani uwe kulia, kwa hivyo haya kwetu ni ya kutazamwa tu. Lakini nina swali la kifundi. Spea zinaingiliana baina ya hawa ndugu? Na kwa General Motors ni vivyo hivyo? Maana nasikia Chevelle na GTO nazo ni ndugu.

#8 KarakanaOhio

Swali zuri fundi, na ndipo tofauti kubwa ya kampuni hizi mbili ilipo.

Kwa Chrysler zinaingiliana sana. 383 ya Super Bee unaihamishia Road Runner, inakaa. Giaboksi, torsheni baa za mbele, difu, hata hazikuulizi umetoka Dodge au Plymouth. Ukiomba Hemi au 440 na gia nne za mkono walikupa difu ya Dana 60, lile lizito, kwa pande zote mbili.

General Motors walifanya kinyume. Bodi yao ya kati waliiita A, na juu yake kuna Chevrolet Chevelle, Pontiac LeMans na GTO, Oldsmobile Cutlass na 442, Buick Skylark na Gran Sport. Fremu inafanana, na kuanzia 1968 zote za milango miwili zina inchi 112 kati ya ekseli. Lakini kila mmoja alikuwa na injini yake aliyoisanifu na kuisubu mwenyewe! Mwaka 1970 Pontiac, Oldsmobile na Buick wote walikuwa na injini ya 455, na hizo 455 ni tatu tofauti. Chevrolet naye ana 454 yake. Manifoldi ya Pontiac ukiipeleka kwa Buick hata boliti hazikutani. Kwa hiyo kwa Chrysler ndugu wanatofautiana nguo wakati moyo ni mmoja. Kwa GM kiunzi ni kimoja na kila mtu ana moyo wake.

GTO yenyewe ilizaliwa kwa ujanja. Wakubwa wa GM walikataza magari ya kati kuwekewa injini inayozidi inchi 330. John DeLorean na wenzake pale Pontiac wakaona katazo linahusu modeli, halijataja vifaa vya kuongezea. Mwaka 1964 wakaiuza 389 kama kifaa cha kuongeza kwenye Tempest LeMans, kwa dola 295. Zikaondoka 32,450 mwaka huo, na wakubwa hawakuwa na la kusema tena.

Ujanja huo unatutesa sisi leo. Kwa sababu GTO ya 1964 na 1965 ilikuwa kifaa cha kuongezea, chesisi yake inasema LeMans tu. Kuanzia 1966 ikawa modeli kamili na chesisi inaanza 242, hapo unapumua. Chevelle SS ni kinyume chake: 1966 hadi 1968 ilikuwa modeli na inasomeka, inaanza 138. Mwaka 1969 wakaigeuza kuwa kifurushi cha nyongeza. Kuanzia hapo chesisi ya SS na ya Malibu ya V8 hazina tofauti. Hata ile SS ya 1970 yenye 454 ya farasi 450 inayoitwa LS6, ambayo watu wanauana kwa ajili yake, chesisi haikuambii kitu. Unatafuta karatasi ya kiwandani, mara nyingi inakutwa imelala juu ya tenki la mafuta, imeliwa na panya nusu.

Kwa hiyo fundi, nikisikia "SS 454 halisi, karatasi zimepotea", mimi nanunua Malibu kwa bei ya Malibu.

#9 Mekanika_Kongowea

Shukran. Kumbe 455 tatu tofauti! Sasa Mustang na Cougar je?

#10 KarakanaOhio

Ford na Mercury. Cougar ya 1967 ni Mustang iliyorefushwa, inchi 111 dhidi ya 108, taa zimefichwa, ndani kumetulia zaidi. Injini za Ford zilezile. Ya Ford yanahitaji uzi wake, humu tutapotea.

#11 Bwana_Nyundo

Mkuu umeandika vizuri ila umeruka kubwa kuliko. Zile zenye pua ndefu na bawa refu nyuma, Daytona na Superbird. Hizo ni gari moja yenye majina mawili, usitupotoshe.

#12 KarakanaOhio

Mzee Nyundo, hapo nakataa. Hakuna hata pua moja inayoingiliana.

Dodge Charger Daytona ni ya 1969. Mashindano ya NASCAR, mbio za magari za Marekani, yalitaka gari liwe limejengwa 500 kwa ajili ya raia ndipo likubaliwe, Dodge wakajenga 503. Msingi wake ni Charger. Mwenzake aliyetangulia ni Charger 500 ya 1969, iliyosawazishwa shoo na kioo cha nyuma ili upepo upite, na zote mbili chesisi inaanza XX29. Hapohapo mtego: mwaka 1970 Dodge wakalitumia tena jina Charger 500 kwa gari la kawaida lenye urembo kidogo. Jina lilelile, ila la 1970 halina uhusiano wowote na mashindano. Watu wanauziwa hilo kila siku.

Plymouth Superbird ni ya 1970, na sababu yake kubwa ina jina: dereva wa mbio Richard Petty. Alikuwa ameondoka Plymouth akaenda Ford msimu wa 1969 kwa sababu hakupewa gari la namna hiyo. Wakamrudisha. Ila NASCAR walikuwa wamebadilisha sheria, sasa walitaka gari moja kwa kila wauzaji wawili wa kampuni, kwa hiyo Superbird zikajengwa zaidi ya 1,900. Msingi wake ni Road Runner, lakini fenda za mbele za Road Runner hazikukubaliana na pua, ikabidi wachukue fenda na boneti za Dodge Coronet ya 1970 wazikate. Kwa hiyo ni Plymouth yenye mashavu ya Dodge. Bawa lake ni refu zaidi na limelala nyuma kuliko la Daytona.

Nikusogeze karibu kwenye kitu kimoja. Superbird zote zina paa la vinaili, na wengi wanadhani ni urembo. Umbo la kuzunguka kioo cha nyuma lilibadilishwa, bati likaungwa pale. Kulisawazisha lile ungio kwa mkono, kwenye gari zaidi ya elfu, ni saa na saa za kazi, mimi ndiyo kazi yangu najua. Wakafunika kwa vinaili mambo yakaisha. Ukilibandua leo unakuta kiungo kimeachwa vilevile, na maji yalikuwa yanajikusanya chini yake kwa miaka hamsini. Kutu ya pale ni ya kutisha.

Chesisi ya Superbird inaanza RM23, sawasawa na Road Runner ya kawaida. Lakini ikiwa RM23U0 umeipata, kwa sababu Road Runner ya kawaida ya 1970 haikuuzwa na 440 ya kabureta moja. Ulikuwa na 383, au 440 ya kabureta tatu, au Hemi. Za Hemi ni 135 kwa Superbird na 70 kwa Daytona.

Na ili kuwachanganya zaidi: mbio za Daytona 500 za 1970 alishinda Pete Hamilton kwa Superbird. Gari la Daytona lenyewe sifa yake iko kwenye uwanja wa mbio wa Talladega, ambako Machi 24, 1970 Buddy Baker alivuka maili 200 kwa saa, karibu kilomita 322. Mwaka uliofuata NASCAR wakasema gari lolote lenye mabawa injini isizidi inchi 305. Wakawa wameyaua.

#13 Bwana_Nyundo

Haya mkuu, mashavu ya Dodge nimeyakubali. Lakini Superbird inabaki kuwa mbaya wa sura.

#14 Mlalahoi_Tz

Mzee Nyundo kila uzi lazima aondoke na neno la mwisho 😂

#15 KarakanaOhio

Hilo la sura simbishii. Kuna wauzaji walishindwa kuziuza wakazing'oa pua na bawa wakaziuza kama Road Runner za kawaida. Fikiria bei yake leo.

#16 Gerezani_Spea

Swali langu la mwisho kabla sijalala: kwa nini GTX ilikufa na Road Runner ikabaki?

#17 KarakanaOhio

Mdogo alimla mkubwa. Road Runner ukiiongezea siti nzuri na injini kubwa inakuwa GTX, sasa anunue GTX nani? Bima nazo zikapanda sana kwa vijana wenye injini kubwa. 1971 ndiyo mwaka wa mwisho wa GTX kama modeli, na wa mwisho wa Hemi pia. Kuanzia 1972 hadi 1974 ukinunua Road Runner yenye 440 wanakubandikia nembo ya GTX juu yake. Super Bee nayo mwaka 1971 ilihamishiwa kwenye bodi ya Charger, mwaka mmoja tu, ikaisha.

Na mkikuta farasi zimeshuka ghafla kwenye vitabu vya 1972 msidhani injini zote zilikatwa nguvu siku moja. Zamani walipima injini ikiwa peke yake mezani, haina feni wala mafla. Mwaka huo wakaanza kuandika nguvu ya injini ikiwa na vifaa vyake vyote. Sehemu ya anguko ni kalamu.

#18 BintiMkunazini

Kaka nimerudi. Nimekwenda mwenyewe, nimesoma kupitia kioo: RP23G0. Muuzaji anasema hiyo haina maana, injini ni 440 na atatuonesha.

#19 KarakanaOhio

Dada, hiyo ni Sport Satellite ya 1970 iliyotoka kiwandani na 318, cc 5,200. Si GTX na haijawahi kuwa.

Sasa angalia kama hata hiyo 440 ipo. Fungua boneti, tafuta distributa, ile yenye waya za plagi. Ikiwa nyuma karibu na kioo, hiyo ni 318 au ndugu zake wadogo. Ikiwa mbele, ni injini ya familia kubwa, na upande huohuo wa mbele juu ya bloku kuna sehemu tambarare iliyogongwa ukubwa wake. Safisha mafuta kwa kitambaa usome. Ikiandikwa 383 na yeye anasema 440, agana naye, kwaheri.

Halafu kuna namba za mwisho za chesisi zilizogongwa kwenye bati lenyewe, sehemu mbili: mhimili wa juu wa rejeta, na mdomo wa buti chini ya raba. Vuta raba uone. Zote zifanane na za dashibodini. Zisipofanana, msijadili bei, ondokeni.

#20 BintiMkunazini

Distributa ipo mbele, na nimesoma 440 kwa macho yangu. Namba za buti na za rejeta zinafanana na za dashibodi. Kwa hiyo gari si la wizi, ila jina ndilo la uongo?

#21 KarakanaOhio

La wizi au la, hilo polisi wa huko ndio watakuthibitishia kwa karatasi. Nilichoona mimi ni kwamba bodi na kibati ni vya gari moja. Ni Satellite nzuri yenye 440 ndani, itamfurahisha mzee kila Ijumaa. Mlipe bei ya Satellite iliyobadilishwa injini, na kwenye hati ya mauzo aandike Satellite. Akikataa kuliandika hilo jina, mwachieni.

#22 BintiMkunazini

Ameshusha karibu theluthi palepale niliposema "RP". Mume wangu ananitazama tu. Tunakwenda kesho na fundi wetu, nitaleta picha.